Nani Alimtengeneza Samaki wa Nyberg

Nyberg, Minnesota
15 Septemba 1996

Shangazi Borghild, shikamoo.

Huku hatujambo, ila baridi mwaka huu imekuja na haraka zake. Duane wangu amekwisha kutoa kibanda chake cha kuvulia samaki ziwa likiganda, na ziwa lenyewe bado ni maji matupu. Amekiweka uani, anakaa humo na kahawa akijidai anakarabati. Baba nyonga inamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Kila asubuhi yuko mkahawani kwa Dolores, na akiona gari la wageni limesimama penye yule Samaki wetu wa saruji, huvuka barabara kwenda kuwasimulia alivyomtengeneza. Wiki iliyopita aliwashika akina mama kutoka Iowa mpaka dereva wao akapiga honi mara tatu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Huu ni mwaka wangu wa pili katika darasa lako la zamani la sanaa. Nimewapa wanafunzi kazi ya utafiti: chagua msanii, mchunguze, andika kurasa tano, tengeneza bango. Ishirini na saba wameleta. Kumi na tisa wamemchagua yule mchoraji aliyejikata sikio. Kumi na tisa, Shangazi! Nimesoma habari za sikio hilo mpaka langu linaniwasha. Wote wamenakili ensaiklopidia ileile ya maktaba. Mmoja kanakili mpaka "tazama pia uk. 212". Nilipomuuliza huo ukurasa una nini, akajibu, "Sijui, Mwalimu, haukuwa kwenye kurasa zangu."

Na Bwana Fesler, mkuu wa shule, ananizunguka. Anakitaka chumba changu akiweke kompyuta. Amesema maonyesho ya Aprili yasipojaza ukumbi, sanaa itabaki kipindi kimoja kwa wiki, na atakayeifundisha ni kocha wa mieleka.

Wewe ulikaa humo miaka thelathini na mitatu. Nifanyeje?

Mwanao,
Marit


Ajo, Arizona
2 Oktoba 1996

Marit mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Joto limepungua, sasa naweza kushika usukani wa gari bila glavu. Yule nyoka wa bafuni amehamia nyuma ya friji na tumeelewana. Msalimie Duane. Baba yako pia.

Hilo sikio lipige marufuku.

Kosa si la watoto, ni lako, na lilikuwa langu kwa miaka kumi na miwili ya kwanza, kwa hiyo usinune. Ukimwambia mtoto "andika habari za msanii", umemtuma kwenye rafu ya vitabu, naye atakuletea alichokikuta rafuni. Mpe kazi ambayo rafu haiwezi kumfanyia. Achague mtu aliye umbali wa kwenda kwa baiskeli, au ambaye kazi yake iko umbali huo hata kama mwenyewe keshakufa. Aende akaiguse kabla ya kusoma neno lolote. Akae nayo saa nzima na penseli, achore, achoke, aanze kuudhika. Swali la maana hutoka mtu akishaudhika.

Asimuulize msanii alizaliwa lini. Amuulize alifuta nini. Amuulize nani alimkataza. Halafu ajaribu mwenyewe kwa mikono yake ile kazi, ashindwe, aone aliposhindwia. Kuandika kuje mwisho kabisa. Na mtoto akigundua jambo linalopinga yale tuliyokuwa tukiamini sote, alama zake zipande, zisishuke. Hilo uliandike kwenye karatasi ya masharti na uwagawie, kwa sababu iko siku utatamani kulisahau.

Huyo Fesler si yule Fesler aliyekuwa akila gundi? Nilimfundisha. Alikuwa mbishi hata wakati ule.

Shangazi yako,
Borghild


Nyberg
10 Novemba 1996

Shangazi, shikamoo tena.

Theluji imelala inchi tisa. Duane kaua paa mmoja na ameshamsimulia kana kwamba ni wanne. Baba alianguka ngazini kanisani lakini akaangukia juu ya Dolores, wote wazima, Dolores ndiye anayelalamika.

Nimefuata maneno yako yote na darasa limekuwa soko! Mmoja amemchagua bibi anayeshona mablanketi ya viraka kanisani, na bibi kamwambia kabla ya mahojiano ashone kiraka kimoja. Mtoto ameshajidunga vidole vinne. Mwingine yuko kwa mchonga bata wa mbao. Mvulana wa Lindgren anataka kumchunguza mjomba wake anayechora mistari ya uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni. Tumebishana siku mbili kama ule ni usanii. Wameniita mimi mtu wa kizamani.

Yupo binti mmoja, Renae Kangas, miaka kumi na sita. Siku ya kwanza alinitangazia kwamba sanaa haipendi, amekuja kwa sababu darasa la ushonaji limejaa. Aliposikia habari ya baiskeli akasema, "Basi mimi nachukua yule Samaki wa barabarani. Nampita kila siku na sijui kwa nini ana sura ya mtu aliyetukanwa."

Nikacheka. Nikamwambia, "Renae, umejichagulia rahisi. Aliyemtengeneza ni baba yangu."

Akaniangalia vile anavyoangalia. "Vizuri. Nitamhoji."

Unaonaje, si itapendeza? Baba anangoja kama bwana harusi.

Marit


Ajo
16 Novemba 1996

Marit,

Huyo binti mpe msanii mwingine. Samaki si sanaa, ni tangazo la barabarani. Yuko mzee wa kule Pine Road anayetengeneza violini, au alikuwepo. Kama amekufa, yupo mkewe.

Mimi mzima.

B.


Nyberg
12 Desemba 1996

Shangazi, shikamoo.

Jibu lako lilifika siku kumi tu baada ya barua yangu. Tangu uhame huko hujawahi kunijibu kabla ya wiki mbili, na hukumtaja nyoka. Nimeshangaa, lakini nilikuwa nimechelewa, Renae alikwisha kwenda.

Yeye na Baba walikaa kwa Dolores. Mimi nilikuwa meza ya pili, najifanya nasoma orodha ya vyakula ambayo naijua tangu utoto.

"Mzee Ostby," Renae akaanza, "magamba uliyatengenezaje?"

"Kwa uvumilivu, binti yangu."

"Uvumilivu na nini?"

"Saruji."

"Saruji nimeiona. Nauliza kifaa."

Baba akakoroga kahawa ambayo haina sukari. "Enzi zile tulitumia kilichokuwepo."

"Kilikuwepo nini?"

"We Dolores! Hebu mletee mtoto huyu kipande cha pai!"

Renae akala pai yote, akajifuta mdomo, akasema, "Asante sana. Kilikuwepo nini?"

Baba akasema kumbukumbu za mtu mzima si kabati la kufungua na kufunga. Basi Renae akamsogezea karatasi na penseli. "Nichoree hata kadogo tu. Mwalimu anasema hata mchoro mbaya ni ushahidi."

Baba akanigeukia. Jicho lile sitalisahau. Akasema mkono una baridi yabisi. Renae akamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba Jumamosi alimwona akirusha vishale na akishinda. Baba akachora. Shangazi, ni kiatu. Ni kiatu chenye jicho.

Ningesema ni uzee. Lakini jana Renae kaniletea nakala ya gazeti letu la mji la Julai 1958, ile safu ya nani kamtembelea nani: "Harlan Ostby amepewa ruhusa ya siku mbili kutoka meli yake ya madini ya chuma, na amerejea kazini Ziwa Superior Jumatatu." Samaki alizinduliwa mwisho wa Agosti. Ana urefu wa futi ishirini na sita. Kwa siku mbili?

Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Nimekua nikiitwa binti wa Samaki. Shuleni nilichaguliwa kubeba bendera kwa sababu hiyo tu. Wewe ulikuwepo kiangazi kile. Nani alimtengeneza?

Marit


Ajo
3 Januari 1997

Marit mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Jirani yangu Señora Yslas ameniletea tamale dazeni mbili, zile za unga wa mahindi na nyama zinazofungwa kwenye majani, nimekula kumi na moja kabla sijafunga mlango. Pampu ya maji iliharibika Krismasi, nikaitengeneza mwenyewe. Mvua ilinyesha kama dakika saba hivi. Nimepaka rangi kiti. Nyoka hajambo.

Kiangazi cha 1958 sikikumbuki vizuri. Kulikuwa na mbu.

B.


Nyberg
9 Machi 1997

Shangazi, shikamoo.

Usinihesabie miezi niliyokaa kimya. Nimejihesabia mwenyewe.

Nilifanya jambo la aibu. Nilimwambia Renae abadilishe msanii. Akakataa. Alipoleta sehemu ya kwanza ya kazi nikampa alama ya C na kuandika pembeni, "Vyanzo havitoshi." Alingoja wenzake watoke, akatoa mfukoni ile karatasi ya masharti, imekunjwa mara nane, akanisomea: "'Ukigundua jambo linalopinga yale tuliyokuwa tukiamini sote, alama zitapanda.' Mwalimu, haya maneno ni ya nani?"

Nikasema ni ya shangazi yangu.

"Basi huyo namtaka," akasema.

Wala hakusimama hapo. Katika baridi ya kugandisha kope alipanda ngazi penye Samaki na udongo wa kufinyangia, akachukua chapa ya magamba. Yote yamekandamizwa kwa kitu kimoja, cha duara, chenye kijipengo upande mmoja. Akazunguka mjini wiki tatu akijaribu vijiko, makopo, vifuniko, na kofia ya chuma ya babu yake. Jumanne iliyopita yuko kwenye foleni ya chakula cha mchana, mama wa jikoni akamwekea viazi, Renae akamshika mkono. Ni upawa, Shangazi. Upawa mkubwa wa jiko la shule, una kijipengo palepale.

Akaja darasani kwangu ameubeba. "Mwalimu," akasema, "mwaka 1958, nani alikuwa na ufunguo wa shule wakati wa likizo?"

Nilimwambia aende akale.

Anakuandikia mwenyewe. Ana maswali kumi na moja. Maonyesho ni Alhamisi, tarehe 24 Aprili. Baba ameacha kuvuka barabara. Magari ya wageni yanasimama, yeye anaangalia kikombe. Sijamuuliza kitu na yeye hajaniambia kitu. Jumapili tunakula nyama ya kuoka na kuzungumzia hali ya hewa, na tumemaliza hali yote ya hewa iliyopo.

Marit


Ajo
28 Machi 1997

Marit,

Barua ya mtoto imefika. Ina kurasa nne, ameiambatanisha na mchoro wa upawa wenye vipimo. Ukurasa wa pili nilikwenda kuusomea nje ili nitembee kidogo.

Swali la saba ni zuri mno. Katika miaka yangu yote nilipata watoto wawili wa kuuliza swali kama lile, na mmoja alikuwa anakusudia kitu kingine. Siwezi kulijibu.

Mrudishie alama zake. Leo, si kesho. Na umwombe radhi mbele ya wale waliomwona akipata C.

Ila baba yako umwache. Ana miaka sabini karibu, mkewe hayupo, hana kingine cha kuwasimulia watu mkahawani. Mwambie binti aandike kwenye bango lake, "Msanii hajulikani." Wasanii wengi wazuri wameishi vizuri na jina hilo.

Nyoka ameondoka. Sikutegemea kumkumbuka.

Borghild


Nyberg
27 Aprili 1997

Shangazi,

Shikamoo, na ukae kitini kabla hujaendelea.

Ukumbi ulijaa. Fesler mwenyewe alikuwa akibeba viti. Bibi wa mablanketi aliwapanga vijana sita wa mpira wakashona mbele ya watu, na kila aliyejidunga alishangiliwa. Mjomba wa Lindgren alichora mstari mmoja wa bluu sakafuni kwa mkono mtupu, futi arobaini, umenyooka kama uzi, na watu wakainama kuutazama. Fesler ameniuliza kama mwakani tutafanya siku mbili. Kompyuta anazipeleka chumba cha mipira, kocha amekasirika.

Renae nilikuwa nimemwambia ulivyosema, aandike "hajulikani". Akasema hiyo ni kusema uongo kwa hati nzuri. Alichoandika ni: "Msanii: bado namtafuta." Chini yake akaweka picha, chapa za magamba na upawa. Kile kiatu hakukiweka. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Mzee Ostby hakuchagua kuwa kwenye maonyesho."

Baba alikuja na suti ya mazishi. Akasimama mbele ya lile bango la Renae muda mrefu, kofia mkononi. Fesler, ambaye hajui kusoma uso wa mtu, akashika kipaza sauti: "Na hapa tunaye mwenyewe! Mzee Harlan Ostby, baba wa Samaki wetu! Mzee, tuambie neno!"

Watu wakapiga makofi. Nilitaka sakafu ipasuke.

Baba akapokea kipaza sauti. Akakohoa. Akasema, "Mimi nilishika ngazi." Akaizungusha kofia. "Siku mbili. Siku ya pili nilikwenda kunywa bia. Samaki alitengenezwa na dada yangu, Borghild, aliyewafundisha nusu yenu humu ndani. Mimi nilisema ni wangu, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuacha."

Mzee Lindgren, yule aliyekuwa kwenye kamati iliyoagiza Samaki mwaka ule, akasema kwa sauti kutoka meza ya keki, "Aa, hilo tu? Nilidhani una habari mpya."

Shangazi, walikuwa wanajua! Kila mtu aliyezidi miaka hamsini na tano alikuwa anajua! Dolores akaniambia, "Mpenzi wangu, sisi tulidhani wewe ndiye hujui, tukawa tunakuonea huruma." Miaka thelathini na minane mji mzima umekuwa ukinificha mimi! Na Baba naye alikuwa akiwaficha watu waliokuwa wakimtazama tu.

Alikula keki vipande vitatu akakaa peke yake. Renae akaenda kukaa naye. Sikusikia walichosema, ila niliona akitoa daftari, na Baba akisema kwa muda mrefu, na safari hii Renae akiandika.

Kwenye gari, karibu na nyumbani, Baba akaniambia, "Marit, miaka yote hii nimeishi nikiogopa mtu ataniomba nichore samaki."

Basi tukacheka mpaka nikalazimika kusimamisha gari. Halafu akalia kidogo. Nami.

Hataki nikuombe radhi kwa niaba yake. Anasema namba yako ya simu anayo. Nimempa Renae A. Kasema hiyo C niliyoifuta anataka kubaki nayo, anaiweka kama ushahidi.

Wako,
Marit


Ajo
18 Mei 1997

Marit mwanangu,

Marahaba, na mimi mzima, ingawa ndugu zako wa Nyberg wanataka kuniua. Nimepokea kadi arobaini na mbili. Fesler ameniandikia kwamba hakuwahi kula gundi. Alikula.

Sasa nimjibu Renae, nawe umsomee. Swali la saba lilikuwa: "Ulipokuwa ukipita penye kazi yako na kusikia jina la mtu mwingine, ulikuwa unafanya nini na mikono yako?" Nilikuwa naitia mifukoni. Ndiyo maana makoti yangu yote yamechanika mifuko. Mama yako alikuwa akiyashona kila masika na hakuwahi kuniuliza.

Ilikuwa hivi. Wanakamati wote waliupenda mchoro wangu, mpaka walipogeuza karatasi wakaona jina. Wakasema mwalimu wa kike hawezi kuonekana juu ya ngazi amevaa suruali, wazazi watasema nini. Baba yako alikuwa nyumbani kwa zile siku mbili. Akachukua kalamu, akakata jina langu akaandika lake. "Haya," akaniambia, "sasa panda ngazi yako." Aliniokoa, Marit. Hilo hakulisema ukumbini, nami nalisema hapa. Wiki sita nilifanya kazi alfajiri nyuma ya turubai, na wanaume wa Nyberg walikuwa wakipita kwenda ziwani wakiliambia turubai, "Habari za asubuhi, Harlan!" Nami nikijibu kwa sauti nzito.

Sikumkasirikia kwa ajili ya jina. Siku ya uzinduzi mwandishi wa gazeti alimuuliza kama Samaki alimsumbua kumtengeneza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, vidole vyangu vimepasuka kwa saruji. Akasema, "Si kazi ngumu." Basi. Alisema maneno hayo matatu na kwenda zake melini. Nilifundisha miaka mingine thelathini katika mji ule na sikumpa nafasi ya kuyarudisha. Kwa hilo na mimi nina makosa.

Amepiga simu Jumapili. Kwanza alinieleza habari za nyonga, halafu za nyonga ya Dolores. Kisha nikasikia makaratasi tu yakipekuliwa. Nikasema, "Harlan? Upo?"

Akasema, "Nipo. Borghild, nimekaa mezani tangu alfajiri na penseli. Nimechora samaki kumi na wanne." Akavuta pumzi. "Ni kazi ngumu."

Nikamwachia simu Señora Yslas, wakazungumza dakika kumi na hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

Naanza safari Jumanne kwa gari langu. Renae ameniandikia kwamba taya la Samaki limepasuka na halmashauri inataka kuleta la plastiki kutoka kiwandani. Waambie wasiguse. Binti atafute mifuko minne ya saruji na wavu wa waya, na avae nguo asizozipenda.

Mwambie baba yako safari ni siku tatu. Nitazitumia zote kumsamehe, kwa hiyo asipigie simu kila kituo cha mafuta njiani kuuliza nimefika wapi.

Shangazi yako,
Borghild Ostby